SAA MOJA NA ROBO NI YA NDEGE, SIYO YA MGONJWA

Sehemu ya 1

Leo posti ni ndefu, nimeigawa, mwenye haraka asome kidogo kidogo.

Barua ya rufaa ya kwenda Dar ikishaandikwa, swali la kwanza la ndugu wa mgonjwa mara nyingi siyo "atapona?" wala "tutalala wapi?" Ni hili: "Sista, kwa ndege ni masaa mangapi?" Anauliza huku simu iko mkononi, ameshaanza kutafuta mwenyewe.

Jibu la simu ni sahihi. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Songwe hadi Uwanja wa Julius Nyerere, kwa mstari ulionyooka angani, ni kama kilomita 690. Ndege ya jeti inatumia kama saa moja na robo. Ya mapangaboi inakaribia saa moja na nusu, saa nyingine inapitiliza kidogo. Ukifuata barabara kutoka huku kwetu Mbozi, kupitia Mbeya, Makambako, Iringa, Kitonga, Mikumi na Morogoro, unakaribia kilomita 900, na basi halitakiwi kuzidi spidi 80. Gawanya mwenyewe: masaa 11 na kitu bila kusimama popote, bila mizani, bila lori lililolala Kitonga. Kwa hali halisi ni 14, siku mbaya hata 16.

Kwa hiyo mtu anaona saa moja na robo upande mmoja, masaa 14 upande mwingine, anasema basi, mambo yameisha, uza ng'ombe, kata tiketi.

Mimi nasema hapo ndipo tunapokosea hesabu. Saa moja na robo ni muda wa ndege kuwa safarini. Mgonjwa safari yake inaanza anaponyanyuliwa kitandani huku, inaisha anapolazwa kitandani kule. Sisi wauguzi tuhesabu kitanda hadi kitanda, na ndugu tuwafundishe kuhesabu hivyo hivyo.

Hebu tuhesabu pamoja, mgonjwa wa kawaida tu, anayeweza kukaa. Kutoka Mbozi Mission hadi uwanjani weka saa moja na nusu, maana ile barabara ya Tunduma ni ya malori na huwezi kujua leo kuna nini. (Kwa wageni: Uwanja wa Songwe haupo Mkoa wa Songwe. Upo Mkoa wa Mbeya, kabla hujafika Mbalizi ukitokea kwetu. Ulianza kazi Desemba 2012, mkoa wetu ukazaliwa 2016. Kuna watu wanashuka Vwawa wakiuliza ndege iko wapi.) Uwanjani unatakiwa ufike masaa mawili kabla, ukiwa na mgonjwa usipunguze hata dakika. Halafu ndege yenyewe, saa moja na robo. Kushuka, kusubiri kiti cha magurudumu, kusubiri mizigo, dakika 45. Kutoka uwanjani hadi Upanga, kwa foleni ya Dar, saa moja, au saa moja na nusu. Mapokezi, kufungua faili, daktari wa zamu kumwona, kupata kitanda: hapo siwezi kukuwekea namba, ila usiweke chini ya masaa mawili.

Jumla masaa 9, na hiyo ni siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Asubuhi ya ukungu ndege inachelewa, na ukungu wa huku kwetu mnaujua.

Bado ndege inaishinda basi, sikatai. Ila sasa tunalinganisha 9 na 17 au 18, maana na basi nalo halimshushi mgonjwa wodini. Linamshusha Mbezi, Kituo cha Magufuli, usiku, na Upanga bado ni mbali. Tofauti ipo, lakini siyo ile uliyoiona kwenye simu.

Sehemu ya 2

Nimeacha muda mmoja kwa makusudi, kwa sababu ndio mrefu kuliko yote na hakuna simu inayouonyesha: masaa ya kikao.

Mnajua ninachosema. Barua imeandikwa saa nne asubuhi. Mtoto mkubwa yuko Tunduma dukani, anapigiwa. Anasema asubiriwe baba mdogo. Baba mdogo yuko shambani, simu haipatikani. Jioni wanakutana. Linafunguliwa grupu la WhatsApp la michango. Shangazi aliyeko Mwanza anauliza kwa nini asipelekwe kwa mtaalamu fulani kwanza. Mmoja anasema ndege. Mwingine anasema hela ya ndege ya watu wawili ingelipa vipimo vyote. Wanalala. Kesho yake wanaangalia nauli, imepanda, kwa sababu tiketi ya ndege kadiri siku ya safari inavyokaribia ndivyo inavyopanda. Kikao kinaanza upya.

Siku mbili zimekwisha ili kuokoa masaa nane.

Sisemi kikao ni kibaya. Hela ni ya watu wengi, lazima wakae. Lakini wakae wakijua kwamba saa inatembea, na kwamba mgonjwa aliyepanda basi leo jioni amefika kabla ya yule atakayepanda ndege keshokutwa. Kuna wagonjwa ambao siku mbili kwao si kitu, mtu wa goti la miaka mitatu anaweza kusubiri hata mwezi. Kuna ambao siku mbili ndizo zilizobaki. Kazi yangu, na ya daktari, ni kuwaambia ndugu mgonjwa wao yuko kundi lipi, kwa maneno ya kueleweka, kabla kikao hakijaanza. Wengi wetu hatufanyi hivyo. Tunakabidhi barua tunasema "mpelekeni haraka." Haraka ni nini? Leo? Wiki hii? Kila mmoja pale kikaoni ana haraka yake.

Halafu kuna hali ambazo Dar haimo kabisa kwenye mazungumzo. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya masaa mawili asipohudumiwa. Kwa huyo hata ndege ingetua kwenye uwanja wa mpira hapa Mbozi, Dar ni mbali. Anahudumiwa hapa hapa, na ikibidi ni Mbeya, kwa gari la wagonjwa, dripu ikiwa inakwenda na muuguzi akiwa pembeni yake. Nimesikia ndugu wakisema "tusimpeleke Mbeya, bora tupande ndege moja kwa moja Muhimbili kwa mabingwa." Mbeya kuna hospitali ya rufaa ya kanda, na mabingwa wapo. Hiyo saa moja na robo imewafanya waone Dar iko karibu kuliko Mbeya!

Sehemu ya 3

Saa za tiketi. Hapa naomba muwe makini kuliko sehemu nyingine, maana ni kitu kidogo na kinakula hela za watu.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Tiketi ikiandika 07:40, hiyo ni saa moja na dakika 40 asubuhi. Siyo saa saba mchana. Unacheka? Familia moja niliyoihudumia walifika uwanjani saa sita na nusu mchana, wametulia, wamewahi kweli kweli, ndege ilishatua Dar ikageuza na safari nyingine. Mgonjwa wao alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na mkoba wa mkojo pembeni. Tiketi ile haikurudishiwa hela.

Njia ya kukumbuka: angalia saa ya ukutani mshale unapoelekea, halafu soma namba ya upande wa pili wa saa. Saba inatazamana na moja. Kumi inatazamana na nne. Namba ikizidi 12, toa 12 kwanza. 19:05 inakuwa 7:05, upande wa pili ni moja, na saa hiyo tayari ni giza: saa moja na dakika tano usiku. Ukishindwa, usione aibu, mwambie aliyekukatia tiketi akuandikie kwa kalamu "asubuhi" au "usiku."

Na kuna mtego mkubwa zaidi kwa wanaokwenda nje ya nchi. Ndege nyingi za nje zinaondoka usiku mkubwa. Tiketi inasema tarehe 15, saa 00:30. Kwa akili yetu, tarehe 15 usiku ni usiku wa baada ya kushinda mchana wa tarehe 15. Kwa tiketi, ni usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14 baada ya chakula cha jioni. Ukienda tarehe 15 usiku umechelewa siku nzima. Kikwetu "usiku wa kuamkia" linaeleweka vizuri kabisa, basi liandikwe hivyo kwenye karatasi ya mgonjwa.

Sehemu ya 4

Sasa mwili. Hapa nitakaa kidogo, ndiyo kazi yangu.

Watu wanaogopa ndege kwa sababu "juu hakuna hewa." Nje ni kidogo sana, kweli. Ndani ya ndege hewa inasindikwa, lakini haisindikwi hadi kufikia ya Dar. Inawekwa kama vile uko kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Sasa sikilizeni jambo zuri: Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Huku kwetu Mbozi kwenye uwanda wa kahawa ni kama 1,500. Kwa hiyo mtu wa Mbozi akiwa ndani ya ndege mapafu yake yamepanda mlima mdogo tu juu ya kwao, wakati mtu wa Kariakoo amepanda mlima hasa. Na akishuka Dar, usawa wa bahari, anapata oksijeni nyingi kuliko aliyoiacha nyumbani. Nimeona wagonjwa wa moyo na mapafu wanaoshangaa wakifika Dar wanapumua vizuri zaidi hata kabla ya dawa. Siyo muujiza.

Lakini mlima mdogo nao ni mlima. Kile kipimo cha kidoleni tukikuweka hapa wodini kikasoma 97 au 96, wasiwasi ni mdogo. Kikisoma 90 ukiwa umelala tu, hiyo ndege inahitaji mazungumzo na daktari, pengine na oksijeni, na oksijeni ya ndani ya ndege inaombwa kabla. Huwezi kubeba mtungi wako wa nyumbani ukapanda nao. Damu ikiwa imepungua sana, tuseme chini ya 8, vilevile tunauliza maswali kwanza, maana damu ndiyo inayobeba hiyo oksijeni kidogo iliyopo. Mgonjwa wa selimundu aliyetoka kwenye maumivu makali wiki hii, asubiri.

Halafu upepo. Hewa iliyofungiwa mahali ikipanda juu inatanuka, kwenye ndege inaweza kutanuka kama theluthi. Kwenye pakiti ya bisikuti utaona imevimba, unafurahi. Kwenye kifua ambacho hewa imevuja nje ya pafu si cha kufurahia, huyo haruhusiwi kupanda hadi picha ionyeshe imekwisha na siku kadhaa zipite. Aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo asubiri siku kumi hivi. Aliyefungwa POP jana kwa kuvunjika mguu, ndani ya masaa 48 ya kwanza POP inatakiwa ipasuliwe kwa urefu kabla hajapanda, kwa sababu mguu utavimba na POP haitanuki. Hili la POP tunalisahau sana, na bodaboda zinatuletea miguu kila siku.

Wajawazito: mimba ya mtoto mmoja mashirika mengi yanakubali hadi wiki 36, mapacha hadi 32, na kuanzia wiki ya 28 wanaomba barua. Kila shirika lina kanuni zake, ulizeni kabla ya kulipa.

Mgonjwa asiyeweza kukaa ni habari nyingine kabisa. Machela ndani ya ndege inachukua nafasi ya viti kadhaa, na vyote vinalipiwa. Kuna fomu ya matibabu ya kujazwa na daktari, na shirika linaweza kusema hapana. Ndugu wengi wanajua hilo wakiwa kaunta, mgonjwa yuko nje kwenye Noah.

Na damu kuganda miguuni. Hiki watu wamekisikia kwa jina la ugonjwa wa wapanda ndege. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake: safari yoyote ya kukaa masaa manne au zaidi inaongeza hatari hiyo kama mara mbili, iwe ndege, basi, treni au gari dogo. Kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo bado ni ndogo sana. Kwa mgonjwa wa saratani, aliyetoka kujifungua, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, si ndogo. Sasa linganisha: ndege ya Dar haifikishi hata masaa mawili kwenye kiti. Basi ni 14. Kwa hiyo anayetakiwa kuogopa miguu kuvimba ni abiria wa basi, na ndiye hakuna anayemwonya. Basi likisimama kwa chakula shuka, tembea, hata kama huna njaa. Kunywa maji. Najua kwa nini hunywi, choo. Kunywa tu, na mwambie kondakta mapema kwamba una mgonjwa.

Dawa zako ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Siyo kwenye begi la chini, siyo kwenye buti la basi. Insulini kwenye buti linalopita Mikumi mchana inaharibika kwa joto.

Sehemu ya 5

Kuna mlioniuliza kuhusu India.

Dar hadi Mumbai ni kama kilomita 4,700. Ndege ya moja kwa moja, ambayo shirika letu la taifa lilianza kuirusha Julai 2019, ni masaa sita hivi angani. Saa za India ziko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu, kwa hiyo ukiondoka na kufika ukisoma saa ya ukutani utadhani umesafiri masaa nane na nusu. Usibadilishe dawa kwa hofu hiyo. Vidonge vya presha au vya ARV, fuata saa ya nyumbani siku ya safari, halafu mweleze daktari wa kule. Wa insulini azungumze na daktari wake kabla ya kuondoka.

Masaa sita! Ukilinganisha na basi la Tunduma hadi Dar, India iko karibu kuliko Dar, si ndiyo? Hivi ndivyo watu wanavyoshawishiwa. Hesabu kitanda hadi kitanda: Mbozi hadi Dar siku moja. Viza, na pasipoti kwa asiyenayo, wiki. Kulala Dar ukisubiri. Ndege. Halafu kule vipimo vinarudiwa karibu vyote. Msindikizaji naye ana tumbo la kula na kichwa cha kulala. Umbali wa India kwa familia ya wakulima wa kahawa ni msimu mzima wa mavuno, na mara nyingine ni shamba lenyewe.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa moyo wa nchi hii walipelekwa India kwa sababu hakukuwa na pengine. Mwaka 2015 ikafunguliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Novemba 2017 Muhimbili wakapandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, mwaka uliofuata na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wakafanya. Hakuna ndege iliyoongeza spidi. Ila kwa mgonjwa wa moyo kilomita 4,700 zilikatwa zikabaki 690. Kwa maoni yangu ndiyo namna pekee ya maana ya kufupisha safari ya mgonjwa: sogeza kitanda. Ndio maana ninaposikia mjadala wa kuongeza ndege Songwe nafurahi, nitazipanda pia, lakini ukiniuliza hela ya kwanza iende wapi nitasema chumba cha upasuaji na watu wa kukifanyia kazi huku huku.

Mfano wa mwisho ni wa mionzi. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi akipelekwa Ocean Road, mionzi haichomwi siku moja akarudi. Ni siku tano za wiki, kwa wiki tano hivi, kila siku dakika chache tu. Sasa niambieni safari yake ni masaa mangapi? Ndege saa moja na robo, basi masaa 14, ukilinganisha na wiki tano za kutafuta pa kulala Dar, tofauti hiyo si kitu. Familia iliyomaliza akiba yote kwenye tiketi ya ndege ili mama afike haraka, wiki ya tatu wanampigia simu kaka yao hela ya chakula imeisha, na mama anaacha mionzi katikati ya safari. Kwa huyo mama, mimi nisingesita: kama anaweza kukaa, apande basi, hata mkilala Iringa njiani, na hela ya ndege iwe ya chumba karibu na hospitali. Nimeshabishana na watu wenye elimu kubwa kuliko yangu kuhusu hili. Wanasema namtesa mgonjwa. Mateso ni kurudi na nusu ya matibabu.

Na kinyume chake: kijana wa moyo anayesubiriwa mezani, tarehe ya upasuaji imeshapangwa, anachoka kwa hatua kumi. Huyo kwenye basi la masaa 14 hapana. Huyo uza ng'ombe.

Sehemu ya 6

Ninachotaka ni kitu kidogo. Barua ya rufaa ina jina, umri, ugonjwa, dawa alizopewa na sababu ya kupelekwa. Haina safari. Nataka chini pale tuandike mistari minne: afike kabla ya lini, anaweza kukaa au lazima alale, anaruhusiwa kupanda ndege au hapana, na kwa nini, atakaa huko kwa muda gani. Haihitaji bajeti wala semina. Ni kalamu na dakika tano. Baba mdogo akiisoma kikaoni, atajua anachangia nini.

Ninyi mnaopelekewa barua, msisubiri sisi tubadilike. Ulizeni hayo manne kabla hamjatoka wodini. Ongezeni la tano: "Kliniki ya kurudi, tunaweza kuhudhuria Mbeya?" Maana Dar wanakuandikia urudi baada ya mwezi kama vile unaishi Sinza. Wengine ukiwaambia unatoka Mbozi wanaandika barua ya kukurudisha kwa daktari wa Mbeya bila shida yoyote. Hawakujua tu. Waambie unatoka wapi, na uwaambie kwa masaa, kilomita hazimgusi mtu.

Kwa leo naishia hapo, naingia zamu ya usiku. Mliosafiri na mgonjwa mwaka huu, kutoka Tunduma, Vwawa, Ileje, Momba, popote, niandikieni hapo chini mambo matatu: mlinyanyuka kitandani saa ngapi, mgonjwa alipata kitanda kule saa ngapi, na mlitumia usafiri gani. Msiweke jina la mgonjwa wala ugonjwa wake. Nikizipata za kutosha nitazibandika ukutani pale wodini, ndugu wajao wakiniuliza "ni masaa mangapi" nawaonyesha.